Kuifuata Njia ya Santa Fe: kutoka jiwe la barabarani hadi mifuo ya magari ya maksai

Ukipita Kansas kwa barabara ya US 56 utakutana mara kwa mara na mawe ya matale yenye maandishi yanayofanana: Njia ya Santa Fe, 1822–1872, kisha jina la chama cha Daughters of the American Revolution, la jimbo la Kansas, na mwaka 1906. Wasafiri wengi husimama, husoma, hupiga picha, huwasha gari. Njia yenyewe mara nyingi iko hatua mia chache nyuma ya seng'enge, haina maandishi, na asiyejua anachokitafuta ataikanyaga asiione.

Mwongozo huu unakutoa kwenye jiwe na kukufikisha kwenye mfuo uliochimbwa na magurudumu. Unamfaa anayeishi Wichita, Omaha au Denver, dereva wa lori anayekatiza Nyanda Kuu za Marekani, na hata aliye mbali mwenye kompyuta tu, maana nusu ya kazi hufanyika mezani.

Kwanza jua kilichopita pale

Njia ya Oregon, ile ya walowezi waliokwenda magharibi, ilibeba hasa familia zilizohama na kutorudi. Njia ya Santa Fe ilikuwa barabara ya mizigo, na mizigo ilikwenda pande zote mbili. Ilitoka Missouri hadi Santa Fe, mji uliokuwa wa Meksiko hadi jeshi la Marekani lilipouteka mwaka 1846. Urefu wake ni kama kilomita 1,450. Kwenda walipeleka zaidi nguo za pamba za viwanda vya New England, jamii ya kitambaa kilekile kilichokuwa kikishushwa Unguja enzi hizo na kuitwa merikani. Kurudi walileta fedha, baghala na manyoya.

Gari moja la mizigo lilibeba kilo 2,300 hadi 3,000 na kuvutwa na maksai 12, yaani nira sita. Kampuni ya Russell, Majors and Waddell, iliyosafirisha mizigo ya jeshi miaka ya 1850, ilipanga misafara ya magari kama 25. Piga hesabu: maksai 300, ukiacha wa akiba. Msafara wa namna hiyo ulikwenda kilomita 16 hadi 24 kwa siku. Walifunga nira alfajiri, wakapumzisha wanyama jua lilipokuwa kali, wakaendelea alasiri. Wenye kuendesha maksai walitembea kwa miguu upande wa kushoto.

Takwimu hizi ndizo zitakazokuongoza uwandani. Kwa kuwa maksai walikanyaga katikati na magurudumu yenye pete za chuma yakasaga pembeni, majani yalikufa upana wote, udongo ukalegea, upepo ukaupeperusha na mvua ikamalizia. Kilichobaki si mistari miwili bali mfuo mmoja mpana wenye umbo la karai, wenye kingo laini, umeota nyasi hadi chini. Na kwa kuwa kwenye tambarare magari yalikwenda safu mbili hadi nne, ili msafara usiwe mrefu mno na uweze kujikusanya haraka ukishambuliwa, mara nyingi utakuta mifuo kadhaa sambamba. Anayetafuta mistari miwili myembamba huishia kufuata njia ya pikapu ya mfugaji.

Kusoma jiwe au kibao

Chukua hiyo 1822–1872. Anayetajwa kuifungua biashara hii ni William Becknell, aliyetoka Franklin, Missouri, mwaka 1821. Safari hiyo ilikuwa ya wanyama wa kubeba. Mwaka 1822 ndipo alipopeleka magari ya kwanza, matatu. Basi tarehe ya jiwe inahesabu magari. Upande wa pili, misafara iliendelea hadi reli ilipofika Santa Fe mwaka 1880, lakini jiwe ni la Kansas, na reli ya Atchison, Topeka and Santa Fe ilifika mpaka wa Colorado Desemba 1872. Kwa hiyo tarehe mbili tofauti kwenye vibao viwili huenda zote ni sahihi. Njia hii ilikufa kuanzia mashariki, na kila reli iliposogea, mwanzo wa msafara nao ulisogea. Reli nyingine ilipofika Hays mwaka 1867, mizigo ya jeshi ilianza kushuka kusini kutoka Fort Hays hadi Fort Dodge kwa njia nyingine kabisa. Ukiwa eneo hilo, hakikisha kwanza unafuata ipi.

Kisha tazama maneno ya mahali. «Hapa» ni neno la kutiliwa shaka. Vibao vya majimbo huwekwa penye nafasi ya kuegesha, na barabara ikipanuliwa huhamishwa. Mawe ya 1906 yaliwekwa penye makutano ya barabara, nje ya shule, mbele ya mahakama, popote yatakapoonekana. Dalili za jiwe lililohamishwa ni zege jipya chini ya jiwe la zamani, jiwe kusimama kwenye bustani ya mji, au maelezo ya «kituo cha kambi» mahali pasipo na maji wala bonde la kijito. Maksai 300 hawalali pakavu kwa hiari ya mwenyewe. «Maili moja kaskazini ya hapa» ni maneno ya kuaminika zaidi, kwa sababu aliyeyaandika alikubali kwamba kibao hakiko mahali penyewe.

Jambo la tatu ni nani anaongea. Vibao vingi vya nusu ya kwanza ya karne ya 20 viliandikwa na wajukuu wa walowezi, na lugha yao inaonyesha. Mfano ulio wazi kuliko yote uko Sand Creek, mashariki mwa Colorado, ambako tarehe 29 Novemba 1864 askari waliua Wacheyenne na Waarapaho wapatao 230, wengi wao wanawake, watoto na wazee. Jiwe lililowekwa pale mwaka 1950 linapaita uwanja wa vita. Serikali ya Marekani ilipopafungua kuwa eneo la kumbukumbu ya taifa mwaka 2007, jina rasmi likawa la mauaji ya halaiki. Vivyo hivyo kibao kikisema njia «ilifunguliwa», kumbuka kwamba huko Council Grove, tarehe 10 Agosti 1825, wajumbe wa serikali walitia saini mkataba na Waosage kuomba kupita, na kuulipia. Nchi ilikuwa na wenyewe.

Andika yote: maneno kama yalivyo pamoja na makosa yake, mwaka, taasisi, madini au jiwe lililotumika, upande kinakotazama, na nukta ya GPS. Piga picha mbele na nyuma. Nyuma ndiko mara nyingi kuna jina la mfadhili.

Herufi zikiwa zimefutika usipake chaki, unga wala povu la kunyolea, na usiguse brashi ya waya. Chaki hubaki kwenye vinyweleo vya jiwe, waya hukwangua rangi ya vibao vya alumini, na kutu huanzia hapo. Mulika tochi kutoka ubavuni, karibu sambamba na uso wa jiwe, kivuli kitazijaza herufi. Maji safi kwenye matale nayo husaidia.

Kazi ya mezani: daftari la mpima ardhi

Hapa ndipo penye utajiri, na ndipo wengi wanaporuka. Kuanzia miaka ya 1850 wapima ardhi wa General Land Office, ofisi ya ardhi ya serikali kuu, waliikata Kansas na Nebraska katika miraba ya maili sita kwa sita iitwayo taunishipu, kila moja ikiwa na seksheni 36 za maili moja kwa moja. Walitembea juu ya kila mstari wa seksheni wakiburuta mnyororo wa futi 66, sawa na mita 20.12. Minyororo 80 ni maili moja. Kila walipokata barabara, waliandika ni kwenye mnyororo wa ngapi. Misafara ilikuwa bado inapita.

Ramani zao zipo bure kwenye tovuti ya kumbukumbu za ardhi ya Bureau of Land Management, idara ya serikali kuu inayosimamia ardhi ya umma. Madaftari yenyewe, kwa majimbo mengi, yako kwenye ofisi za jimbo. Utaratibu ni huu:

1. Tafuta taunishipu ya eneo lako. Ramani za USGS, shirika la jiolojia la serikali ya Marekani, za kipimo cha 1:24,000 huonyesha namba za taunishipu (kaskazini-kusini) na renji (mashariki-magharibi) pembeni, na namba za seksheni ndani. Seksheni ya 1 iko pembe ya kaskazini-mashariki. Hesabu huenda magharibi hadi 6, hushuka, hurudi mashariki, na kwenda hivyo kwa zigizagi hadi 36 pembe ya kusini-mashariki. Hapa watu hupotea sana.
2. Pakua ramani ya upimaji wa kwanza. Taunishipu moja inaweza kuwa na ramani tatu au nne za miaka tofauti; chukua ya zamani kuliko zote.
3. Soma daftari la mstari unaokatwa na njia. Tuseme linakwenda kaskazini kati ya seksheni 14 na 15 na linasema barabara iko kwenye 56.50. Hiyo ni minyororo 56 na nusu kutoka pembe ya kusini, ambako seksheni 14, 15, 22 na 23 hukutana: 56.50 × 20.12, yaani mita 1,137, au maili 0.71.
4. Weka alama kwenye ramani ya leo. Rudia kwa kila mstari, kisha unganisha nukta.

Nukta za kwenye mstari ni za kuaminika, kwa kuwa mpimaji alisimama pale na kupima. Mchoro wa njia *katikati* ya seksheni si wa kuaminika kiasi hicho. Hakuingia huko, alichora kwa kukadiria kutoka nukta hadi nukta. Njia ikionekana kunyooka kama rula ndani ya seksheni yenye makorongo, ujue ulinyooka mkono wa mchoraji. Mnyororo nao hulegea na huvutwa juu ya vilima, kwa hiyo ruhusu makosa ya mita 20 au 30.

Bahati nzuri ni kwamba Kansas na Nebraska mistari mingi ya seksheni sasa ni barabara za changarawe. Unaweza kusimama penye makutano, ukaenda maili 0.7, ukashuka garini ukiwa karibu kabisa na njia bila kuingia shamba la mtu.

Kazi ya mezani: picha ya laida

Laida ni vipimo vya mwinuko vilivyochukuliwa kwa leza kutoka angani. USGS hutoa data ya mita moja bila malipo kwenye tovuti yake ya The National Map. Ifungue kwenye QGIS, programu isiyolipiwa, nenda kwenye menyu ya rasta, kisha uchambuzi, utengeneze picha ya kivuli cha vilima. Weka jua kwenye nyuzi 25 hadi 30 juu ya upeo, na kipimo cha kukuza mwinuko kati ya 3 na 5. Mfuo wenye kina cha sentimita 40, usioonekana kwa macho mchana, utajitokeza.

Mambo mawili huharibu. La kwanza, picha ikitoka nyeusi au bapa, data yako iko katika digrii badala ya mita. Ibadilishe iwe UTM, mfumo wa ramani unaopima kwa mita, na kwa sehemu kubwa ya Kansas hiyo ni kanda ya 14. La pili, mfuo ulio sambamba na mwanga haupati kivuli, hupotea kabisa. Tengeneza picha mbili, moja jua likiwa upande wa nyuzi 315 za dira (kaskazini-magharibi) na nyingine nyuzi 45 (kaskazini-mashariki), uzilinganishe.

Pale palipolimwa kwa trekta kwa miaka mingi usitarajie kitu. Tafuta vipande ambavyo jembe halikufika: kingo za vijito, malisho, makaburi ya kanisa la shamba, miteremko mikali.

Uwandani

Saa ni kila kitu. Nenda saa moja baada ya jua kuchomoza au saa moja kabla halijazama. Saa sita mchana unaweza kusimama katikati ya mfuo usiuone. Theluji nyepesi ya majira ya baridi ni bora zaidi, kwa kuwa hukaa ndani ya mfuo baada ya kuyeyuka kwingine. Mwishoni mwa majira ya kuchipua tazama rangi: mfuo hutunza unyevu, kwa hiyo nyasi zake hukaa kijani muda mrefu kuliko za pembeni.

Gari lililojaa mzigo huogopa kitu kimoja kuliko vyote, ubavu wa mlima. Likiinama upande mmoja hupinduka. Kwa hiyo njia ya magari hupanda mlima moja kwa moja au hupita juu ya mgongo wake, haizunguki ubavuni. Kwenye tambarare mifuo hutawanyika, kila mmoja akikwepa vumbi na matope ya mwenzake, na inapokaribia kivuko hukusanyika. Anza basi na kivuko. Tafuta pengo lililokatwa kwenye ukingo wa kijito, mteremko laini upande huu na mwingine kama huo ng'ambo. Hapo ndipo utakapopata mfuo wenye kina, kisha uufuate kwenda juu unakopanuka. Kwenye vijito walisimama pia kwa sababu nyingine: hewa kavu ya nyandani ilikausha mbao za magurudumu, pete za chuma zikalegea, na dawa ilikuwa kuyalowesha magurudumu au kugongomea kabari.

Sasa vitu vinavyodanganya. Njia ya ng'ombe ni nyembamba, kama sentimita 30, na hupindapinda. Mkuza wa bomba la mafuta hunyooka bila kujali kilima wala korongo. Tuta la reli iliyong'olewa lina mipindo mirefu ya taratibu na udongo uliojazwa mabondeni, jambo ambalo wenye maksai hawakulifanya. Njia ya pikapu ina mistari miwili na mgongo wa nyasi katikati. Msumbufu kuliko wote ni mfereji wa zamani wa umwagiliaji, kwa kuwa nao ni mpana, umeota nyasi na una umri. Magharibi mwa Dodge City kuna mabaki ya mfereji wa Soule, uliochimbwa miaka ya 1880 katika bonde lilelile la mto Arkansas ilikopita misafara. Mtihani wake ni rahisi. Mfereji hufuata kontua, hukaa karibu usawa mmoja, na una tuta la udongo upande mmoja. Mfuo wa magari hupanda na kushuka, na hauna tuta, kwa kuwa udongo wake haukuchotwa na mtu.

Zoeza jicho kwanza mahali ambapo jibu linajulikana. Maili tisa magharibi mwa Dodge City, kando ya US 50, kuna mifuo iliyo wazi kwa umma, na mfereji hauko mbali, hivyo unaweza kulinganisha. Fort Larned ina kipande chake cha malisho yasiyolimwa kusini-magharibi mwa ngome. Cimarron National Grassland, karibu na Elkhart, ina maili 23 za njia kwenye ardhi ya umma, ndefu kuliko mahali pengine popote. Nguzo za mawe ya chokaa zinakuonyesha njia, na kilele cha Point of Rocks na chemchemi ya Middle Spring zinakuonyesha kwa nini ilipita pale. Fort Union, New Mexico, mifuo ni mikubwa kiasi kwamba huhitaji mwongozo. Guernsey, Wyoming, iko kwenye Njia ya Oregon, lakini inafaa kuonwa: jiwe la mchanga limechimbika hadi mita 1.5. Usipachukue kuwa kipimo, kwa kuwa hapo magari yote yalibanwa sehemu moja. Sehemu kubwa ya mifuo ya nyandani haifiki hata goti.

Ruhusa, sheria na hatari

Ardhi kubwa ya Kansas na Nebraska ni ya watu binafsi. Kukaa kando ya barabara ya umma ni halali. Kuvuka seng'enge bila ruhusa ni kosa. Jina la mwenye ardhi hupatikana ofisi ya kaunti. Mpigie au umfuate nyumbani mchana, mwambie unatafuta nini, utaingilia wapi, utatoka saa ngapi, na kwamba utakwenda kwa miguu. Wengi hukubali, na mara nyingi babu ndiye anayejua mfuo ulipo. Geti ulilolikuta wazi liache wazi, ulilolikuta limefungwa lifunge.

Kwenye ardhi ya serikali kuu, kuchimba na kuondoa vitu vya kale kunakatazwa na sheria za 1906 na 1979. Hata msumari. Acha mashine ya kutafutia chuma nyumbani. Usiendeshe gari ndani ya mfuo. Tairi la siku moja ya matope hufuta kingo zilizodumu zaidi ya miaka 150.

Vaa buti zinazopita kifundo cha mguu, kuna nyoka wenye njuga mkiani, nao hupenda kivuli cha mfuo. Beba maji lita tatu kwa mtu kwa nusu siku ya kiangazi. Radi ikisikika rudi garini; nyandani wewe ndiwe kitu kirefu kuliko vyote. Na mvua ikinyesha usijaribu barabara ya udongo, hata kwa gari la magurudumu manne: udongo wake hunata, hujaza matao ya matairi, na gari hukwama likiwa limenyooka barabarani.

Kutoa taarifa

Ukipata mfuo usioonyeshwa popote, au jiwe lililovunjika au kuhamishwa, andikia Santa Fe Trail Association, au kwa Kansas taasisi ya historia ya jimbo. Nebraska ni History Nebraska. Tuma nukta za GPS za mwanzo na mwisho wa mfuo, upana na kina ulivyopima kwa utepe, picha mbili za pande tofauti zenye saa, na kipande cha daftari la mpimaji kinacholingana.

Eleza pia hali yake. Wapenzi wa njia hizi hutumia madaraja matano: njia ambayo haijaguswa, iliyoendelea kutumiwa na magari, isiyoonekana tena lakini mahali pake pamethibitishwa, iliyofunikwa kwa lami, zege au kilimo, na ya kukadiria tu. Ukiwa kati ya daraja mbili chagua la chini. Usichapishe mtandaoni nukta za mfuo ulio kwenye ardhi ya mtu bila kumuuliza; wenye mashine za kutafutia chuma nao husoma intaneti.